Salfa kwenye Maziwa ya Rutha

Rutha, mama wa Kimaasai wa Msowero, hana simile na fisi wala na wakwe, lakini kidonge cha septrini kinamtoa jasho. Miaka mitatu iliyopita alikimeza kwa ajili ya kifua, na kesho yake midomo ikavimba, ikachubuka, hata uji ukawa haupiti. Nesi Tumwagile wa zahanati hakumficha.

“Mama, hii ni aleji ya salfa, dawa iliyomo ndani ya septrini. Ni dawa ya zamani, ilitibu watu kabla hata penisilini haijaenea, na mpaka leo inaokoa wengi. Lakini wewe usiiguse tena. Safari nyingine inaweza kukuondoa.”

Tangu siku hiyo, kila akienda kutibiwa, Rutha alikuwa ameshaitaja salfa kabla salamu hazijakwisha. Basi midomo ilipochubuka tena mwaka huu, naye hajameza hata nusu kidonge, aliogopa kwelikweli. Angemkwepaje adui asiyemwona?

“Umekula nini juma hili?” nesi alimuuliza.

“Maziwa tu, mwanangu. Ya ng'ombe wangu mwenyewe.”

“Huyo ng'ombe ni mzima?”

Hapo Rutha akakumbuka. Ng'ombe alikuwa ameharisha, na mwanawe Lenku ndiye aliyemnywesha dawa ya dukani. Rutha alirudi nyumbani mbio mbio, hata kupumzika njiani hakupumzika.

“Lenku! Ulimpa ng'ombe dawa gani?”

“Salfa, mama.”

“Na muuzaji alikuambiaje?”

Lenku akatazama chini. “Alisema maziwa yamwagwe siku kadhaa, mpaka dawa iishe mwilini mwa ng'ombe. Nikaona haya. Ningeanzaje kukuambia wewe umwage maziwa?”

Rutha alikuja juu, akamsema mpaka mate yakamkauka. Ila moyoni alimwelewa. Kwao kumwaga maziwa kwa makusudi ni kama kumtukana ng'ombe na Mungu aliyemleta, na yeye mwenyewe ndiye aliyemlea kijana hivyo.

Kibuyu cha asubuhi kilikuwa mlangoni, kimejaa. Lenku alikichukua, akatoka nacho hadi katikati ya boma, wazee wa ukoo wakimkodolea macho, akakiinamisha mpaka tone la mwisho likaingia mchangani.

“Ni kwa ajili ya mama yangu,” aliwaambia.

Rutha alicheka, midomo ikamuuma, akacheka tena.