Herufi Mia na Sitini za Teofista

Kwa miaka ishirini na miwili Teofista Villarosa alishona ngozi za viatu katika mji wa Marikina, na katika muda huo wote hakuna mwanamume aliyemwandikia hata mstari. Kisha ikaja simu ya mkononi. Katika miezi kumi na minne akaandikiwa mara elfu mbili na mia tatu, zote na mtu mmoja, fundi saa wa mji jirani wa Pasig aitwaye Anselmo.

Alimpata kama kila mtu alivyompata mwenzake miaka ile: alichukua namba yake mwenyewe, akabadilisha tarakimu ya mwisho, akatuma salamu. Kampuni za simu mwanzoni ziliutoa ujumbe bure, kama muuza nyama anavyokutupia mfupa juu ya kilo, zikiamini watu watapenda zaidi kuongea. Nchi nzima ikaukumbatia mfupa. Kuongea kulikuwa ghali, na isitoshe, sauti husaliti umri.

Hapo ndipo palipouma. Teofista alikuwa na miaka arobaini na tatu; Anselmo alimjua kwa thelathini na nne. Sasa Anselmo alitaka waonane Jumapili, saa nne asubuhi, kwenye kibanda cha uji wa mchele cha Mama Upeng, nyuma ya kanisa. Yeye angevaa shati la buluu, Teofista blauzi ya njano.

"Na kweli utavaa nini?" aliuliza Nenita, wa cherehani ya jirani.

"Ya kijivu."

"Ndiyo maana nakupenda, shoga. Mwongo mwenye mpango."

"Kila mtu hufanya hivyo. Unamwona kwanza. Ukimpenda, unakwenda kubadilisha."

"Na yeye asipokupenda?"

Teofista akakata uzi kwa meno.

Jumapili hapakuwa na shati la buluu. Palikuwa na familia moja, na meza ya pili mwanamume mwenye mvi aliyevaa kijani. Teofista akamaliza bakuli la kwanza. Saa nne na nusu akaagiza la pili.

"Dada, unamsubiri mtu wa simu?" Mama Upeng aliuliza, akinyunyiza kitunguu saumu cha kukaanga. "Wiki iliyopita nilikuwa nao watatu. Wote waliahidi nyekundu. Sikuona nyekundu hata leso."

"Namsubiri binamu yangu."

"Haya. Msalimie binamu."

Angeweza kwenda zake. Wangeandikiana miaka mingine, na uongo wake ungezeeka naye taratibu. Ila ilimjia kwamba Anselmo hata akiingia sasa hivi, macho yake yangempita kama yanavyopita benchi, kwa sababu mwanamke anayemtafuta hayupo popote. Akashika simu, akaandika: "Nina miaka 43 si 34. Nimevaa kijivu. Nipo ndani. Kama unataka kurudi Pasig, rudi, sitakulaumu. Ila usirudi bila kula, uji wa hapa ni mzuri."

Kati ya herufi mia na sitini ambazo ujumbe mmoja huruhusu, zikabaki ishirini na moja. Hakuwa na la kuzijazia. Akatuma.

Simu ikalia kwenye meza ya pili. Mwenye mvi akaisogeza mbali na uso, akaileta karibu, akaisogeza tena.

"Mama, nisomee. Miwani nimeiacha nyumbani."

"Umeiacha au umeificha?"

"Inanizeesha."

Mama Upeng akasoma kwa sauti ileile anayotumia kuitia maagizo ya jikoni. Familia ikaacha kula. Sentensi ya mwisho aliisoma mara mbili. Teofista akautazama uji wake kwa umakini ambao uji haujawahi kuupata.

"Mwandikie," mwanamume alisema. "Mwambie nina hamsini na tano, siyo arobaini na tano. Shati la buluu limo kwenye mfuko wa plastiki, chini ya meza. Na mwambie kuna mwanamke wa kijivu nimemwona tangu saa nne, ila bila miwani sikujua ananitazama mimi au sufuria ya uji nyuma yangu."

"Baba, yote hayo hayatoshi humu."

"Basi anza na umri."

Teofista akainuka na bakuli lake, akahamia meza ya pili.

"Sufuria," alisema. "Nilikuwa natazama sufuria."

"Nilihofia hivyo," Anselmo akajibu, akamsogezea chupa ya patisi, mchuzi wa samaki wa kutilia uji.

Mama Upeng aliendelea kubonyeza kwa kidole kimoja. Alikuwa amefika kwenye hamsini, na hakuwa mtu wa kuacha kazi njiani.