Ghorofa ya Khalati Mwanaisha

Kabla sijafumbua macho nilisikia mchanga ukichirizika juu ya chandarua. Ulishuka kidogo kidogo, kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili, ukanyamaza, ukaanza tena. Nilipotazama, chandarua kilikuwa kimelemewa katikati, na kati ya boriti za dari palikuwa na ufa ambao jana haukuwapo. Juu ya paa, mjomba Athmani na fundi wake walikwishaanza kazi.

Nyumba yetu ya Shela, mji wa kale wa Malindi, ilijengwa kwa ndoa. Vyumba vya chini, vyenye kuta nene za mawe ya matumbawe, alijengewa mama yake bibi alipoolewa. Ghorofa ya juu yake, na zidaka zake, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa ukutani kama madirisha yasiyotazama popote, alijengewa bibi. Ndiyo desturi yetu: binti haondoki, mume ndiye anayekuja, na nyumba inapanda. Marehemu mama alipoolewa, baba alihamia humo humo ghorofani, nafasi ikaisha. Mwaka ule ilikuwa zamu ya khalati Mwanaisha, mdogo wake mama, aliyeposwa na kijana wa Mariakani, mfanyabiashara wa maziwa. Kijana alikubali kuhamia kwetu, mradi apate chumba. Chokaa ya kuchoma ingetaka kungojewa, kwa hiyo mjomba akaleta saruji na nondo. Hata bibi alifurahi, maana saruji ilikuwa na haraka kama yeye.

Msimu mzima tuliishi na mchanga. Ulikuwa ndani ya chai, kwenye mito, katika nywele zilizokwisha kusukwa. Bibi alifagia asubuhi, akafagia adhuhuri, mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Jirani yetu Bi Rukia alipita akicheka: "Bi Zena, harusi hii tutakula pilau au kokoto?"

"Vyote, mwenzangu. Njoo na meno."

Lakini siku kidaka kimoja kilipopasuka toka juu hadi chini, hakuna aliyecheka. Bibi aliingiza mkono katika ule ufa, ukazama hadi kwenye kifundo. Akapanda paani, akishika ukuta kila ngazi.

"Athmani, shuka."

"Mama, limebaki zege la mwisho tu."

"Nimesema shuka. Na mlichojenga mkibomoe, kabla hakijatubomoa sisi."

Tulijua maana yake. Bila chumba, bwana harusi haji. Khalati alikuwa amesimama chini ya ngazi, liwa ya urembo usoni haijakauka.

"Basi nitakwenda mimi, Mama."

"Mariakani kuna vumbi, mwanangu."

"Na hapa je? Nina mchanga mpaka masikioni."

Bibi alicheka, kisha akaketi palepale kwenye ngazi, na kwa muda mrefu hakuinuka. Khalati akawa binti wa kwanza wa nyumba ile kufuata mume.

Nyumba haikupanda tena. Siku hizi watalii wakitoka kutazama makaburi ya mnara na kanisa dogo la Wareno, huletwa kwenye ukuta wetu na kuelezwa ukale wake. Wanausifu, na wana haki. Ule ufa ulizibwa kwa chokaa, hauonekani. Khalati ana nyumba ya matofali Mariakani, na binti zake huja Malindi wakati wa likizo, kama wageni. Mimi nimepanga chumba Kilifi, nyuma ya hoteli za Bofa, na nikiolewa hakuna atakayenijengea juu ya kichwa cha bibi. Zamani niliamini kwamba siku ile tuliiokoa nyumba. Sasa nikimkuta bibi peke yake kwenye vyumba vya chini, ghorofa tupu juu yake, nachoka hata kufikiria kama kweli tuliiokoa.

Juzi nilipomuaga nilingoja aseme, kama alivyozoea, "Lala leo, utakwenda kesho." Hakusema. "Haya mwanangu, usije ukakosa gari," alinijibu kwa sauti ya kuaga wageni, na kabla sijavaa kiatu cha pili, mlango ukafungwa nyuma yangu.