Unga wa Kichina na Pua ya Fundi Makochi

Fundi makochi yule hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ukimletea kitambaa, atakinusa, atakivuta, kisha atachomoa uzi auchome kwa kiberiti. Lakini pua ilimshinda. Alikuwa na mafua ya mzio: kila alipolivua kochi kuukuu kitambaa chake, vumbi lilimpanda, akapiga chafya mpaka sindano ikamdondoka. Mtaani wakamwita Bwana Chafya. Daktari alimshauri aepuke vumbi, na kwa fundi makochi vumbi ndiyo kazi. Basi akaanza kutafuta mtu wa kumuuzia karakana, na jambo hilo lilimuuma kuliko pua.

Mkewe ndiye aliyeleta unga wa mizizi ya Kichina. Muuzaji alimwapia kwamba umefanyiwa utafiti.

"Utafiti wa nani?" fundi akauliza. "Waliounywa walikuwa wangapi? Na wasiounywa, walipona au hawakupona?"

"Baba watoto, kunywa kwanza. Majibu utayakuta chini ya kikombe."

Akanywa, uso umemkunjamana. Na kweli, chafya zikapungua. Mkewe akashangilia, yeye akazidi kushuku. Pakiti yenyewe haina hata maandishi! Akampelekea daktari, naye akasema mizizi ya namna hiyo imewahi kupimwa, wengine ilionekana kuwasaidia kidogo, ila huu unga yeye hawezi kuusemea. Fundi akarudi na mashaka yake yote.

Kisha akaona jambo. Makochi yaliyomngoja karakanani yalikuwa mepesi mno kuvua. Misumari imelegea, pamba ya ndani haina vumbi. Mteja gani hukung'uta kochi bovu kabla ya kulipeleka kwa fundi? Akamshuku jirani yake seremala, aliyekuwa akiimezea mate karakana ile, kwamba ameanza kuitumia kisirisiri. Hata mkewe, ambaye siku hizi alilala sebuleni akisingizia joto, hakusalimika.

Asubuhi moja akaacha kikombe cha dawa mezani, akawahi kazini. Nyuma ya karakana akamkuta mkewe, kajifunga kitambaa puani, kalipasua kochi la mteja tumbo nje, analichapa fimbo ndani ya wingu la vumbi.

"Mama watoto! Unafanya nini?"

Mke akaishusha fimbo. "Naisaidia dawa."

"Unaisaidia! Sasa nitajuaje kama inafanya kazi?"

"Sikutaka ujue. Nilitaka usiuze karakana."

Hasira zikampanda. Kumbe siku zote hizo alikuwa akiupima unga, na mwenye kupona wala hajaguswa na vumbi! Akafungua mdomo amgombeze, lakini mkewe akashikwa na chafya. Ikaja moja, ikafuata nyingine, zikaandamana mpaka akaegemea ukuta, macho mekundu, machozi yanamtiririka. Chafya za namna ile fundi alizijua vizuri. Hasira zikamwishia palepale, akaogopa.

"Zimekuanza lini hizi?"

Mkewe akajifuta pua kwa ncha ya kitambaa.

"Tangu wewe upone."