Maharusi Ndani ya Kompyuta

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta ya studio, Mauwa alifuta kioo kwa pindo la kanga na kusema taratibu, "Hodi, wenyewe."

Wenyewe walikuwa maharusi.

Mwaka ule wa tisini na nane, studio ya Muhsin pale Manzese ilikuwa na mpiga picha mmoja tu wa kike. Ndiye aliyeitwa chumbani bibi harusi akisingwa, nywele wazi, hina haijakauka. Kila mara mama mtu alimshika mkono: "Mauwa, mwanamume asizione picha hizi." Naye aliapa.

Muhsin alipoleta kompyuta na skana, ili mteja akitaka nakala asisubiri kutafutiwa negativu, fundi Benedikto alimwelekeza Mauwa. Databesi ni ya majina, alisema. Picha zikae nje, kwenye folda, databesi iandikwe tu zilipo.

"Hiyo folda ina mlango?"

"Haina, dada. Yeyote anafungua."

"Na databesi?"

"Hiyo ina paswedi. Ila ukiijaza picha itavimba, itakuwa nzito."

"Ivimbe tu. Waweke ndani."

Wakawekwa. Mchana, feni ikizunguka, Mauwa aliwaona kama wamekaa chumba cha uani, pazia limeshushwa, moshi wa udi ukipanda polepole, wananong'onezana mpaka mmoja aitwe jina atoke. Na kutoka kwenyewe kulikuwa kwa madaha.

"Mauwa, hii mashine ina mimba?" Muhsin alimtania. "Mteja kaagiza picha moja, chai imempoa!"

"Wanajitanda kwanza, Bwana Muhsin."

Siku moja mashine ikakwama kabisa, watu wa picha za pasipoti wamejaa barazani, Mauwa yuko harusini Mabibo. Muhsin akamwita Benedikto, akampa ile paswedi, akamwambia azitoe picha zote azipange kwenye folda.

Mauwa aliporudi, kompyuta ilikuwa nyepesi kama unyoya. Mbele yake wamekaa Twalib, muuza spea wa jirani, na wenzake wawili. Kwenye kioo, Najat, mmoja wa maharusi wake, mabega wazi, anacheka.

"Lo! Binti wa Mzee Kondo kumbe ndo yuko hivi?" Twalib aliguna. "Sie tunamuonaga macho tu!"

Mauwa akazima kioo. Wakaondoka wakigongana mabega.

"Bwana Muhsin, warudishe ndani."

"Ikwame tena? Mie nauza picha, Mauwa, siuzi mapazia."

"Niliwaapia mama zao."

"Uliapa wewe. Kompyuta yangu."

Akatoka barazani kwa wateja wake.

Mauwa akakaa. Kelele za Barabara ya Morogoro zilimfikia kwa mbali, kama kichwa chake kiko ndani ya maji. Akafungua folda, haikumuuliza paswedi. Akawatia alama wote, akawafuta. Mashine ikamuuliza mara moja tu kama ana hakika. Alikuwa nayo. Akamwaga na pipa lake la taka. Kwenye databesi majina yalibaki yote, kila jina likielekeza mahali pasipo na mtu.

Akazitia mkobani bahasha za negativu za maharusi, akatoka.

"We, unakwenda wapi na foleni yote hii?" Muhsin aliuliza mlangoni.

"Kwa kina Najat. Mama yake ayasikie kwangu mie, kabla ya Twalib."

"Basi usikawie."

Mauwa akavuka barabara, vumbi likamfunika taratibu. Studio ile hakuikanyaga tena.