Rimu za Mbele

Gari langu la kwanza, ambalo kwa ninavyojiona ndilo litakalokuwa la mwisho, lilinifikia limetumika mpaka viti vimepauka. Nililipenda siku ile ile. Nyumbani kwetu, juu kidogo ya mji wa Lushoto, tulikuwa wawili tu, mimi na baba. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Yeye ni dereva mstaafu wa lori la shamba la chai, aliyekuja milimani akiwa kijana kutafuta kazi, akaoa Mshambaa, akazeekea hapa hapa. Mama alikwishafariki. Baba alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na mdomo usio na kasoro yoyote.

Kila Jumamosi nilishuka Mombo kumpelekea dada yangu kabichi na mapeasi ya kuuza sokoni. Anayeijua ile barabara anajua kwamba kuishuka si kazi ya mafuta, ni kazi ya mguu. Kona inafuatwa na kona, upande huu mwamba, upande ule korongo, na mguu wangu ulikaa juu ya breki tangu ninapoondoka mpaka ninapofika. Nikirudi nilimkuta baba uani ananingoja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akainama kwenye gurudumu la mbele, akapitisha kidole kwenye rimu, akakisogeza kile kidole karibu kabisa na uso wake.

“Unajua hili ni nini?” aliniuliza mara ya kwanza.

“Vumbi la barabara, baba.”

“Vumbi la barabara ni jekundu. Hili jeusi ni breki zako, umezisaga kama kahawa. Jekundu ni la Mungu, jeusi ni la dereva.”

Ningeuchukulia kuwa utani wake wa kawaida, lakini mwezi ule hospitali moja ya huko bondeni ilikuwa imempangia siku ya kupasuliwa jicho la kwanza. Nikamwambia nitamshusha kwa gari langu. Akakataa katakata, eti hapandi gari linaloshuka mlima kwa breki. Nikamwambia basi twende na basi. Akasema dereva wa basi hamjui na mimi ananijua, na kila sababu kati ya hizo mbili inatosha kumkalisha mtu nyumbani. Siku ikafika, ikapita, baba yuko kwenye kiti chake anasikiliza redio.

Nililia jikoni kwa hasira. Alikwishaanza kumimina chai nje ya kikombe, na asubuhi moja alimwamkia kwa heshima zote koti langu lililoning'inia mlangoni. Hospitali walitupa siku nyingine, wiki sita mbele. Niliogopa kwamba akiikosa na hiyo, atakaa vile vile mpaka asione kabisa. Nikamuuliza anataka nini ili apande. Akasema anataka rimu za mbele zisizo na weusi, basi.

Nikaamua kumpa rimu zisizo na weusi. Naomba ieleweke kwamba sikuamua kubadili uendeshaji wangu, maana nilijiona naendesha vizuri sana. Niliamua kuosha.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilirudi mbio kabla hajaamka usingizi wake wa mchana, nikayamwagia magurudumu, yakiwa bado ya moto, maji ya baridi. Yalifoka mvuke, sabuni ikakaukia pale pale ikaacha madoa. Nikayafuata madoa kwa waya wa kusugulia masufuria, nikaongeza mikwaruzo ambayo ipo mpaka leo. Nilikuwa nimeinama muda wote, na Jumapili kanisani kila tuliposimama kuimba mimi nilichelewa kunyooka.

Jumamosi iliyofuata nilitumia akili. Niliegesha nyuma ya jikoni, karibu na bomba, penye kivuli, nikaenda kula chakula changu taratibu magurudumu yapoe. Kisha nikatoa kigoda cha mama, kile alichokalia akisonga ugali, na nilipokikalia nikaona gurudumu limekuja lenyewe usawa wa kifua. Mgongo wangu ulishukuru. Ndoo moja niliweka maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, maana maji yetu ya bomba yanauma vidole, na ndoo ya pili maji matupu. Nilianza kwa kulimwagia gurudumu maji matupu ili mchanga uondoke usije ukakwaruza, halafu sabuni, nikaiacha ilainishe uchafu wakati nakunywa chai. Brashi laini ilipita usoni mwa rimu, mswaki mkuukuu ukazunguka nati, na kitambaa cha fulana nilichokifunga kwenye kijiti kikaingia kwenye matundu hadi nyuma. Nilimaliza gurudumu moja na kulisuuza kabla sijagusa la pili. Kisha nikasogeza gari hatua moja, ile sehemu iliyokuwa chini ije juu, halafu nikakausha kwa taulo kuukuu. Nisiwe mnafiki, kazi ile niliipenda. Kuna raha ya pekee kuona weusi unateremka na maji, rimu ya kijivu inatokea.

Nilipomaliza ndipo nikaona kosa. Hakuna gari linalopanda kutoka Mombo likafika linang'aa vile. Hata asiyeona angeshuku. Basi nikachota udongo mwekundu hapo hapo karibu na bomba, nikaukoroga kwenye kopo, nikazirushia rimu kwa vidole, kidogo huku, kidogo kule, kwa ustadi kabisa. Mwalimu mzima.

Baba akaamka, akaja. Akainama, akapitisha kidole, akakipeleka usoni. Alikaa nacho pale muda mrefu kuliko siku zote.

“Tope hili umelipitia wapi?”

“Huko njiani, baba.”

“Njiani wamepanda vitunguu?”

Niliificha mikono nyuma.

“Hili ni tope la tuta langu la vitunguu,” alisema. “Umeiba udongo wangu ukaupaka kwenye rimu iliyooshwa. Wanafunzi wako wanajua una akili za namna hii?”

Akacheka mpaka akakitafuta kigoda kwa mkono, akakaa. Mimi sikucheka. Nilichuchumaa mbele yake na lile tope mikononi, nikamwambia ukweli, kwamba sijali rimu, nataka aone, na kwamba naogopa kumwona akipapasa kuta za nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Katika ujana wake, akiwa na mzigo wa chai, breki zilipata moto kwenye mteremko, akakanyaga hakuna kitu, akaligongesha lori ukingoni kwa makusudi ili lisiende korongoni. Tangu hapo hawezi kukaa kwenye gari la mtu anayeegemea breki. Hapandi, alisema, hata kama dereva ni binti yake.

“Basi nifundishe,” nikamwambia.

Alinifundisha pale pale uani, injini imezimwa, yeye kiti cha abiria. Unashuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Unaiacha injini ilishike gari. Breki unaikanyaga kabla ya kona, kwa nguvu, kwa muda mfupi, halafu unaiachia ipumue. Tulirudia mpaka mguu wangu ukaacha ubishi.

Jumamosi zilizofuata nilishuka na gia namba mbili huku mabasi yakinipigia honi nyuma. Niliyapisha. Nikirudi tuliosha pamoja, baba kwenye kigoda, mimi kwenye ndoo iliyofunikwa, yeye akipapasa kwa vidole na kuniambia wapi pamebaki, mimi nikisuuza. Alisimulia habari za malori, nami nikabishana naye kwa sababu nilizoea. Kila wiki maji ya ndoo yalikuwa mekundu zaidi, weusi ukipungua.

Asubuhi ya safari nilimwonyesha rimu nilizoziacha bila kuziosha wiki nzima. Akapitisha kidole, akakipeleka usoni. Aliingia ndani kuchukua koti.

Tuliposhuka aliegemeza mkono mbele yake, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza injini. Kona tatu za kwanza nilisahau kupumua. Tulipofika Mombo akasema nisimame. Akatoka, akakilaza kiganja chote kwenye rimu ya mbele, akakiacha pale bila kuungua. Kisha akarudi kukaa na kufunga mlango.

“Twende kwa hao madaktari,” alisema.

Jicho lilipona vizuri. Siku aliyoruhusiwa kukaa bila bandeji nilikuwa nyuma ya jikoni naosha magurudumu, akaja mwenyewe, bila kupapasa ukuta. Aliliangalia gari lote kwanza.

“Kumbe ni la kijani,” alisema. “Mimi watu wote nimewaambia bluu.”

Nikamuuliza, kama hata rangi ya gari hakuiona, weusi wa rimu aliuonaje.

“Sikuuona hata siku moja. Nilikuwa nanusa. Breki zako zilinuka mpaka chumbani kabla hujazima injini.”

Nikazikumbuka zile ndoo zote, na ule udongo wa vitunguu, nikabaki na brashi mkononi sijui nicheke au nimkasirikie. Baba hakuningoja niamue. Alikuwa amekwishainama kwenye gurudumu, uso mbali nalo kama mtu yeyote, akanyoosha kidole kwenye doa jeusi pembeni ya nati, dogo kuliko punje ya ulezi.

“Hapa umeruka,” alisema.

Nimekosolewa na baba maisha yangu yote, na sijawahi kufurahi vile. Nikachukua mswaki, nikaliosha.