Saa ya muchumba wangu

Leo mama ameharibu siku yangu ya kuposwa, na siwezi kumukasirikia.

Muchumba wangu alifika kwetu na baba yake. Mukononi alivaa saa mupya ya bei kali, ya kutia ufunguo, iliyotengenezwa kama zile za zamani.

Papa wangu alikuwa na saa ya vile siku askari walimubeba, wakati wa vita, na hakurudi tena.

Mama akamukamata muchumba mukono:

"Mulimuzika wapi?"

Haya ilitushika wote. Wakati ule muchumba alikuwa angali ananyonya!

"Mama, hii niliinunua juzi."

Hapo njo baba yake akasimama. Akatoka bila kuaga, bila kugusa chakula.

Yeye hakuna mutu alimuuliza.

Mungekuwa mimi, mungefanya nini?

Sahani yake ingali mezani. Mama amekatala tuiondoe.