Mtamba wa Mwenye Duka

Mwezi uliopita nilipita Katesh, nikaingia duka moja kutafuta mafuta ya kupikia. Kijana wa dukani akanishushia chupa ya alizeti yenye picha ya ua. "Chukua haya, mama, ni ya asili, ya kwetu kabisa." Nilitaka kucheka. Huyu kijana angejua tulivyoyazika hayo ya kwetu, asingeyasifia kwa mdomo mpana namna ile.

Mimi nililelewa na bibi, kijijini Hirbadaw. Nasema juu ya miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa baada ya dhiki ndefu, na mkoa wetu ulikuwa bado haujaitwa Manyara. Jirani yetu alikuwa na mashine ya kukamua alizeti, ile ya mkono, yenye mtaimbo mrefu unaovutwa na wanaume wawili. Ililia tangu asubuhi, na harufu yake ilitufuata mpaka malishoni. Watoto tulitumwa na mbegu, tukarudi na mafuta kwenye chupa na mashudu ya ndama. Bibi alidondosha kidogo tu kwenye mnavu, na hata ugali wa jana uliisha. Wanawake wote walilima alizeti kwa sababu mashine ilikuwepo.

Kisha mwenye duka, naye mtoto wa palepale, akaleta madumu ya njano ya mafuta kutoka ng'ambo. Asubuhi za baridi yaliganda kwenye kikaango kama mafuta ya kondoo, lakini yalikuwa rahisi, na hayakutaka mtu abebe gunia. Mgeni njoo mwenyeji apone, wakasema. Mwenyeji hakupona. Mashine ikawa inalia siku za mnada tu.

"Ikifa hii," bibi alisema, "alizeti yetu tutalisha kunguru."

Akawaita wanawake. Kwetu wanawake wakiona mmoja wao amekosewa, hukata fimbo, wakaenda kukaa nyumbani kwa mkosaji, na hawaondoki mpaka alipe faini. Hakuna mwanamume anayethubutu kuvuka fimbo zile. Bibi alisema kuua mashine ni kuwakosea wanawake wote. Walikubaliana pia kwamba hakuna atakayenunua dumu la njano, na kweli kwa majuma kadhaa hakuna aliyenunua. Nilijivunia bibi kupita kiasi.

Asubuhi ya siku waliyopanga walilaza fimbo mlangoni mwa duka, wakakaa chini. Sisi watoto tulisimama mbali. Mwenye duka akatoka, akainama.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," bibi akajibu. "Unaua mashine ya jirani. Tumekuja."

"Basi nimekosa. Mnataka nini?"

"Mtamba mweusi."

"Nimekubali."

Alikubali upesi mno. Hakubishana hata kidogo, na hapo ndipo bibi alipotakiwa kushtuka. Mtamba akaletwa, akachinjwa, wanawake wakala wenyewe, kama ilivyo desturi. Bibi alikula pamoja nao. Alirudi nyumbani akiimba.

Siku ya pili duka likafunguliwa, na madumu yalikuwa yamepangwa nje. Bibi akaenda kuuliza. Mwenye duka akamjibu kwa adabu zote: "Bibi, faini si nimelipa? Mmekula. Neno limekwisha."

Na kweli lilikuwa limekwisha. Faini ikiliwa, kesi hairudi tena, wala mlaji haruhusiwi kuitaja au kumnunia aliyelipa. Wazee wetu walitunga desturi ile kwa mtu anayepiga mke, anayekosa mara moja akajuta. Hawakumjua mtu anayelipa ili aendelee. Wanawake walirudi kununua mmoja mmoja, maana kususa kungekuwa kununa. Mwishowe hata sisi tulipikia ya njano. Bibi alikula kimya, na sikumsikia akiimba tena.

Jirani aliuza mashine kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Shamba la alizeti la bibi likawa la mahindi. Nilimchukia mwenye duka, na mpaka leo namchukia, ingawa amekwisha kufa na watu wanamsifu kwamba aliheshimu mila.

Siku hizi redio inatuhimiza tununue vya nyumbani. Bibi hakuishi kuisikia, na hata angeisikia asingesema neno, kwa kuwa alikula. Wenzake waliobaki nao wananyamaza hivyohivyo. Lakini nyama ile watoto hatukugawiwa, kwa hiyo mimi nasema.